Nyumba Umeuza, Ritani Bado? Vidokezo 12 vya Kujinasua na Kodi Bila Presha

Hongera! Ile nyumba ya vyumba sita pale Ilomba, Mbeya, imepata mteja, hela imeingia benki, na bomba likivuja usiku wapangaji wanamgongea mtu mwingine. Umepumua. Kisha mnunuzi anapiga simu: "Shikamoo mzee. Huku ardhi wanasema hati haihami mpaka kipatikane cheti cha TRA. Eti TIN yako ni namba ngapi?" Kimya. TIN ipi tena?

Usijisikie mpweke. Walimu wastaafu waliojengea kiinua mgongo, mama zetu wa Mwanjelwa walioongeza chumba kimoja kila biashara ilipochangamka, vijana waliorithi nyumba ya baba wakaanza kukusanya pango bila kuuliza maswali: wote hao wamo. Wengi wanakutana na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kwa mara ya kwanza siku ya kuuza, wakati walipaswa kujisajili tangu mpangaji wa kwanza alipoingiza godoro lake. Habari njema ni kwamba jambo hili linarekebishika. Ukichelewa bado unaruhusiwa kufika, ila kila mwezi unaoongeza una bei yake. Basi vuta kiti, tafuta kalamu, twende.

1. Huenda TIN unayo na hujui

Kabla hujapanga foleni ya kuomba TIN, jiulize swali moja dogo: una leseni ya udereva? Umewahi kununua gari, pikipiki au bajaji kwa jina lako? Kama jibu ni ndiyo, kuna uwezekano mkubwa namba ulishapewa miaka hiyo, ukaitumia siku moja na kuisahau kwenye bahasha. TIN, yaani namba ya utambulisho wa mlipakodi, ni tarakimu 9, na kila mtu anapaswa kuwa na moja tu nchi nzima. Ukiomba ya pili, umejipa kazi ya kueleza kwa nini unazo mbili.

Kama kweli huna, hakuna cha kuogopa. Andaa namba ya NIDA, barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa na simu inayopokea ujumbe. TIN hutolewa bure. Tunarudia kwa walio nyuma: bure! Na kama unayo ya leseni, mwambie ofisa kwamba ilisajiliwa kwa matumizi yasiyo ya biashara ili taarifa zako zihuishwe, zionyeshe kwamba ulikuwa na nyumba ya kupangisha. Hapo umeshamaliza sehemu ambayo watu wengi huiogopa kuliko zote.

2. Tazama kalenda kabla hujaanza kutetemeka

Je, una uhakika umechelewa? Kwa mtu binafsi mwaka wa mapato ni Januari hadi Desemba, na ritani ya mwaka huwasilishwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka kuisha, yaani kufikia tarehe 30 Juni. Aliyeuza nyumba Machi 2025 ritani yake ya mwaka huo ina mpaka tarehe 30 Juni 2026. Kuna watu wamekosa usingizi wiki nzima kwa ajili ya ritani ambayo muda wake haujafika!

Ila usishangilie mapema. Kodi ya faida ya kuuza nyumba ni habari nyingine, haingoji Juni. Ile hulipwa kwa mkupuo kabla umiliki haujahamishwa, na msajili wa hati hagusi jina la mnunuzi mpaka aone uthibitisho kwamba imelipwa. Ndiyo maana simu ya mnunuzi ilikuja haraka hivyo. Tena kama ulipokea pango miaka iliyopita bila kuwasilisha chochote, miaka ile ndiyo imechelewa kweli.

Kwa hiyo chukua karatasi, chora mstari kwa kila mwaka uliopangisha, uandike pembeni: ritani ipo au haipo. Dakika kumi tu. Ukifika ofisini na karatasi hiyo, mazungumzo yanaanza mahali pazuri sana. Na ukumbuke kuwa tarehe 30 Juni huku kwetu inaangukia kwenye baridi ile ya kutotoka kitandani, kwa hiyo jipangie Mei, mikono ikiwa bado inashika kalamu.

3. Zipo asilimia kumi na asilimia kumi

"Lakini mimi nilishalipa asilimia kumi!" Ulimlipa nani? Katika mitaa mingi, mauziano yakiandikwa mbele ya mwenyekiti na mashahidi, kuna fedha inayoachwa ofisini pale, na mara nyingi huitwa kwa jina hilohilo. Hiyo haina uhusiano na TRA. Haimo kwenye kumbukumbu zao na haitakupa cheti.

Asilimia 10 ya TRA kwa mkazi wa Tanzania inatozwa kwenye faida, yaani bei uliyouzia ukitoa gharama halali. Haitozwi kwenye bei nzima. Watu wengi husikia "asilimia kumi", wanapiga hesabu kwenye bei yote, wanaona milioni tano au sita zinaondoka, wanakimbia. Wanakimbia namba ambayo haikuwepo!

Kuna na wale wa "mimi kodi nakatwa kwenye LUKU kila mwezi." Kweli unakatwa, shilingi 1,500 kwa nyumba ya kawaida tangu 2023. Ile ni kodi ya majengo, inatozwa kwa sababu jengo lipo, hata kama halina mpangaji hata mmoja. Mapato ya pango na faida ya mauzo bado vinadai hesabu zake.

4. Fufua kila karatasi, hata iliyoliwa na mende

Hapa ndipo penye hela, kwa hiyo tukae kidogo.

Kila gharama unayoweza kuithibitisha inapunguza faida, na faida ikipungua kodi inapungua. Bei ya kiwanja ulipokinunua imo. Gharama za kujenga zimo. Chumba ulichoongeza nyuma mwaka ule, uzio, kisima, choo cha ndani, vyote vimo, kwa kuwa vimeongeza thamani ya nyumba. Ada ya wakili aliyeandika mkataba, malipo ya mthamini, hata chake dalali kwenye mauzo haya, beba vyote. Kupaka rangi na kubadilisha kitasa mpangaji alichovunja huwa ni matengenezo ya kawaida, kwa hiyo yaweke upande wa hesabu za pango, usiyaingize mara mbili.

Tuweke namba za mfano. Kiwanja milioni 6, ujenzi milioni 33, wakili, dalali na mengineyo milioni 4. Jumla milioni 43. Umeuza kwa milioni 55. Faida ni milioni 12, na asilimia 10 yake ni shilingi 1,200,000. Sasa chukulia umepoteza karatasi zote za ujenzi, umebaki na za kiwanja, wakili, dalali na mengineyo tu: faida kwenye makaratasi inaruka hadi milioni 45, na kodi inakuwa milioni 4.5. Yaani bahasha moja ya risiti ina thamani ya milioni 3.3. Bado unataka kuifungia maandazi?

Wapi pa kutafuta? Anza na lile daftari kubwa la kaunta ambalo mama alikuwa akiandika kila kitu: mifuko ya saruji ya Songwe, tripu za mchanga, tofali za kuchoma, mbao za Mafinga, "fundi amechukua 50,000 ya wiki." Kurasa kama hizo, zenye tarehe na sahihi ya fundi, zina uzito kuliko unavyodhani, hasa zikisindikizwa na kibali cha ujenzi cha Jiji, picha za msingi ukiinuka na taarifa ya benki inayoonyesha hela zikitoka miezi ileile. Nenda duka la vifaa ulikokuwa ukinunua, waulize kama wana kumbukumbu. Mtafute fundi, kama hajahamia Tunduma.

Na risiti za mashine ya EFD zina ugonjwa wao: karatasi yake hufutika. Ukiifungua baada ya miaka mitatu unakuta ukanda mweupe, laini, usio na neno hata moja. Leo hii, kabla hujaendelea kusoma, zipige picha zote kwa simu kisha ujitumie kwenye barua pepe. Zilizoanza kufifia, zitolee kopi.

5. Huna hata kipande? Ipo njia

Nyumba ilijengwa miaka ya 80, babu hakudai risiti, fundi ametangulia mbele za haki. Ufanyeje? Sheria imemfikiria mtu huyu. Mkazi asiye na kumbukumbu za gharama anaweza kutozwa asilimia 3 ya bei ya mauzo au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa kati ya hizo mbili. Kwa nyumba yetu ya milioni 55, ikiwa thamani haijazidi bei, hiyo ni shilingi 1,650,000.

Linganisha na 1,200,000 ya mwenye bahasha. Kanuni ya haraka: faida yako ikiwa chini ya asilimia 30 ya bei, karatasi zinakushindia. Faida ikiwa kubwa kuliko hapo, asilimia 3 inatoa kodi ndogo zaidi, na tunajua umeshaanza kulitazama jiko la mkaa kwa jicho la pembeni. Usichome risiti! Njia hiyo imewekwa kwa ajili ya wasio na uthibitisho, na ofisa aliyezoea kazi yake anajua nyumba iliyojengwa juzi haikosi karatasi zote.

Kwa nyumba ya urithi, usipige hesabu peke yako nyumbani. Beba nyaraka za mirathi, barua ya mahakama iliyomteua msimamizi na muhtasari wa kikao cha ukoo, kisha uulize gharama inahesabiwaje kwa hali yako. Na kama warithi mko watano, nendeni mmekubaliana. TRA si mahali pa kumalizia ugomvi wa shangazi.

6. Bei ya mkataba iwe bei ya kweli

Kuna ujanja wa zamani: mnauziana kwa milioni 55, mnaandika 25. Kisha mthamini anakuja, anapima, na Mthamini Mkuu wa Serikali anaidhinisha thamani iliyo karibu na ukweli. Umebaki na mkataba wa uongo, kodi ileile, na maswali mapya. Siku mnunuzi akitaka kukurudisha mahakamani, karatasi inasema alikulipa 25. Achana na ujanja huo.

7. Uliwahi kulala humo? Sema!

Nyumba uliyomiliki mfululizo kwa miaka mitatu au zaidi, na ukaishi humo kwa jumla ya miaka mitatu au zaidi, hata kama ni kwa vipindi, inaweza isitozwe kodi ya faida ya mauzo ikiwa faida haizidi shilingi milioni 15. Nyumba uliyopangisha mwanzo mwisho haimo. Lakini Ilomba na mitaa jirani imejaa nyumba ambazo mwenyewe alikaa upande wa mbele na wapangaji nyuma, au alikaa miaka minne ndipo akahamia Uyole na kupangisha yote. Kama hiyo ndiyo historia yako, ieleze, na uisindikize na ushahidi: barua ya mtaa, namba ya nyumba kwenye fomu za shule za watoto, bili za maji zenye jina lako. Sheria inazungumzia hata sehemu ya jengo inayojitegemea. Usijinyime haki kwa kuona haya kuuliza.

Mashamba yana msamaha wao pia: ardhi yenye thamani ya soko isiyofika shilingi milioni 10, iliyotumika kwa kilimo angalau miaka miwili kati ya mitatu kabla ya kuuzwa. Ukiwa na kashamba ka viazi umekauza mwaka uleule, kaulizie.

8. Pango la nyuma: huenda kuna mtu alikulipia

Kama wapangaji wako walikuwa wanafunzi na familia, hesabu ya pango inabaki kwako. Ila je, chumba cha mbele kilichotazama barabara kuu hakikuwa duka la dawa? Ofisi ya taasisi? Kampuni? Wapangaji wa aina hiyo wanatakiwa kukata kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango kabla ya kukulipa, na kuipeleka TRA kwa TIN yao. Ukikumbuka vizuri, labda ndiyo sababu walikuwa wanakuletea pungufu ukawanunia!

Waombe cheti cha kodi hiyo ya zuio. Kama waliipeleka kweli, ni malipo yenye jina lako juu yake, na yanahesabiwa upande wako. Simu moja tu inaweza kuokoa mamia ya maelfu. Kama walikata na hawakuipeleka, nalo ni jambo ambalo TRA wangependa sana kulisikia.

Kwa miezi mingine, andika orodha ya kawaida: chumba, mpangaji aliingia lini, akatoka lini, pango kwa mwezi. Miamala ya M-Pesa na taarifa za benki zitakusaidia pale kumbukumbu inapokataa. Usisahau miezi ambayo vyumba vilikaa vitupu; hakuna sheria inayokutaka ulipie kodi ya chumba kilichokuwa na buibui peke yake. Na kama una ajira yenye PAYE, usiseme "mwajiri anamaliza kila kitu." Anamaliza ya mshahara. Pango hakuwahi kuliona.

9. Mwezi mpya usikukute kwenye foleni

Adhabu ya kuchelewesha ritani huhesabiwa kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi. Soma tena hayo maneno ya mwisho. Siku moja ndani ya mwezi mpya ni mwezi mzima. Kiasi chenyewe ni asilimia 2.5 ya kodi ambayo haijalipwa, au kiwango maalumu cha chini kilichowekwa na sheria kwa mtu binafsi, chochote kilicho kikubwa. Maana yake ni nini kwa mwenye kodi ndogo? Kile kiwango cha chini ndicho kinachouma, na kinauma hata kama hesabu zako zinaonyesha hudaiwi kitu. Ritani ya sifuri nayo huwasilishwa!

Juu ya hapo kuna riba kwenye kodi iliyochelewa, inayofuata kiwango cha Benki Kuu na kujijumlisha mwezi kwa mwezi. Basi ukiwa tayari tarehe 27, usiseme "ngoja mwezi uishe nipumzike." Panda bajaji. Hujakamilisha kila karatasi? Wasilisha kilichopo ukiwa na orodha ya kinachotafutwa, umwulize ofisa namna ya kurekebisha baadaye. TRA wakingoja sana watakufanyia makadirio wao wenyewe, na hawakujua kwamba chumba namba nne kilikuwa kinavuja hakipangishiki.

10. Omba awamu, na uombe kwa maandishi

Hela ya nyumba imeshaingia kwenye ada za watoto na kiwanja kingine Mbalizi? Hauko peke yako. Nenda useme ukweli na uombe kulipa kwa awamu. Andika barua fupi: jina, TIN, mwaka wa mapato, kiasi, unaweza kulipa ngapi na lini. Pendekeza kiasi utakachokiweza kweli, maana awamu uliyoivunja inakufanya mgumu wa kuaminika safari ijayo. Ukilipa kidogo siku hiyohiyo ya kupeleka barua, maneno yako yanakuwa na miguu.

Kuhusu riba na adhabu, sheria inampa Kamishna Mkuu mamlaka ya kusamehe kwa sababu za msingi, kwa kiasi kinachoruhusiwa. Ugonjwa, msiba, kesi ya mirathi iliyochukua miaka, ziambatanishe na vithibitisho. Sentensi moja ya "naomba kufikiriwa" haisafiri mbali. Kodi yenyewe usitegemee ifutwe.

Kuna wanaosubiri msamaha wa jumla. Mwaka 2018 ulitangazwa kweli: asilimia 100 ya riba na adhabu kwa waliojitokeza, mradi kodi ya msingi ilipwe kufikia 30 Juni 2019. Ulikuwa msimu mzuri. Lakini kupanga maisha kwa kungoja Bunge lirudie ni kamari, na kamari hii inakutoza riba wakati unasubiri.

11. Vishoka wana tabasamu zuri

Utamkuta nje ya geti, shati limepigwa pasi, bahasha ya kaki mkononi: "Mama, mimi najuana na wa ndani, nipe laki mbili leo leo cheti kinatoka." Mshukuru, ndaga fijo, na uendelee kutembea. Kodi hulipwa kwa namba ya malipo, ile ya kontroo namba, inayotoka kwenye mfumo ikiwa na jina lako na kiasi. Unailipa mwenyewe benki au kwa simu, na ujumbe wa uthibitisho unakuja kwako. Hakuna hatua hata moja inayohitaji umpe mtu fedha mkononi.

Ukihitaji msaada wa kweli, kuna washauri wa kodi waliosajiliwa, na kwa nyumba ya bei kubwa au mirathi yenye mikunjo wanastahili ada yao. Kwa nyumba ya kawaida, anza na dawati la huduma kwa mlipakodi au namba za bure za TRA zinazoanzia na 0800. Maswali hayalipiwi. Na wewe unayeishi Iringa, usifunge safari ya zaidi ya kilomita 300 hadi Mbeya kwa ajili ya kuuliza tu fomu ni ipi. TIN ni ya nchi nzima, kwa hiyo anzia ofisi ya Iringa, wakikwambia lazima ufike Mbeya ndipo ukate tiketi na kusinzia hadi Makambako.

Makadirio yakija na hukubaliani nayo, usiyatupe kwenye droo kwa hasira. Una siku 30 za kuweka pingamizi kwa maandishi, na kwa kawaida utatakiwa kulipa kwanza theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au kiasi usichobishania, kile kilicho kikubwa. Baada ya hapo ipo Bodi ya Rufani za Kodi. Siku 30 ni chache kuliko zinavyosikika, hasa barua ikiwa imekaa wiki mbili kwa jirani.

12. Waambie umeacha

Hiki husahaulika na karibu kila mtu. Cheti kimetoka, hati imehama, mnunuzi amenyamaza. Lakini kwenye mfumo wewe bado ni mwenye nyumba ya kupangisha Ilomba, na mfumo unatarajia ritani yako mwakani na keshokutwa yake. Andika barua kuwaarifu kwamba upangishaji umekoma tangu tarehe fulani, ambatisha nakala ya mkataba wa mauzo, na baki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Huo mhuri ni wa thamani, usiondoke bila huo.

Mwaka ukifungwa, ukijaza ritani ya mwaka ule wa mauzo, onyesha mauzo yenyewe na kodi uliyolipa kwa mkupuo, ili ihesabiwe kama imeshalipwa usije ukadaiwa tena. Faili zima, kuanzia daftari la kaunta hadi risiti ya mwisho, litunze angalau miaka mitano. Mita ya LUKU iache na nyumba yake. Ile shilingi 1,500 sasa ni ya mmiliki mpya.